Je, Wajua? Kiota Darini, Kibiriti Mkononi

Je, wajua kwamba "nyuki" ambao jirani anakugongea mlango alfajiri kukuambia wameingia kwako, mara nyingi si nyuki? Huenda ni nyigu. Huenda ni fundi wa udongo asiye na habari na mtu yeyote. Huenda hata ni nyuki wadogo ambao hawawezi kukuchoma hata ukiwaomba. Safu ya leo ni ya kila aliyewahi kusimama uani, shingo juu, akitazama kitu kinachovuma kwenye pembe ya paa huku mtu wa nyumbani ameshatumwa petroli. Huyo wa petroli mrudishe kwanza.

Je, wajua kwamba kiota chenyewe kinakutajia mwenye nyumba? Kama ni cha kijivu, vyumba vyake vya pembe sita viko wazi vinatazama chini, na chote kimening'inia kwa kikonyo kimoja kama embe, huyo ni nyigu. Ile ni karatasi kabisa. Nyigu hukwangua mbao kuukuu, akazitafuna na mate yake, akazipaka tabaka juu ya tabaka. Simama asubuhi tulivu karibu na uzio wa mbao kavu, nyigu akiwa kazini: taya zake unazisikia zikikwaruza. Na kile kikonyo kimepakwa kemikali ya kufukuza sisimizi. Wewe umekosa usingizi kwa ajili ya nyigu, na nyigu naye amekosa usingizi kwa ajili ya sisimizi.

Je, wajua kwamba kiota cha nyuki wa asali mara nyingi hukioni kabisa? Unachoona ni ufa ukutani au pengo kwenye pembe ya dari, na nyuki wanaingia na kutoka kama abiria wa stendi. Kingo za tundu huwa na weusi wa kunata, alama ya miguu elfu kadhaa inayopita kila siku. Usiku, ukiwa ndani, gusa singibodi kwa kiganja. Penye vuguvugu ndipo penye watoto, maana nyuki hukitunza chumba cha watoto kwenye nyuzi joto 34 hadi 35, iwe kipupwe, iwe kiangazi.

Je, wajua kwamba Sura ya 16 ya Kurani, An-Nahl, yaani Nyuki, inataja makazi yao ya aina tatu: milimani, mitini na katika vile wanavyojenga watu? Leo tunaishughulikia hiyo ya tatu.

Je, wajua kwamba yale mabonge ya udongo mkavu nyuma ya picha ya harusi, au kwenye mkunjo wa pazia lisilofunguliwa, si ya kuogopwa? Ni ya nyigu mfinyanzi, yule mwenye kiuno chembamba kama uzi. Hana malkia wala jeshi, na nyumba yake hailindi. Pasua chumba kimoja utakuta buibui kadhaa wamepangwa, hai lakini wamepooza, akiba ya mtoto atakayeanguliwa. Kwangua kwa kisu mchana kweupe, kazi imekwisha.

Ila usimdharau. Februari 6, 1996 ndege ya Birgenair namba 301 ilianguka baharini ilipotoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, na watu wote 189 waliokuwamo wakafa. Kipimo cha mwendo kilikuwa kinadanganya, na wachunguzi walishuku kwamba mrija wake uliokaa siku kadhaa bila kufunikwa ulizibwa na kiota cha nyigu mfinyanzi.

Je, wajua kwamba yule mweusi mnene anayetoboa kenchi tundu la mviringo, safi kama la keekee, na kuacha unga wa mbao chini, ni nyuki pia? Anayekuja kuning'inia mbele ya pua yako akivuma kwa vitisho ni dume, na dume hana mwiba. Mwiba wa nyuki na nyigu ni kiungo cha kutagia mayai kilichogeuka silaha, kwa hiyo jike peke yake ndiye anaweza kuchoma. Madume ya jamii hii yote ni kelele tu. Acheni kucheka.

Je, wajua kwamba bomba dogo la nta lililochomoza ukutani au kwenye gogo, jembamba kama mrija wa soda, ni mlango wa nyuki wadogo wasio na mwiba wa kuchomea? Asali yao huuzwa ghali kuliko ya nyuki wakubwa. Mtu anayeuchoma moto mzinga huo anachoma fedha zake.

Na majani ya mwembe yaliyoshonwa pamoja kama mfuko? Hao ni majimoto. Hushona kwa uzi wa hariri unaotoka kwa watoto wao wenyewe: mkubwa humshika mtoto kwa taya, akampitisha huku na huku kati ya majani mawili kama fundi na sindano. Hawana mwiba, wanang'ata na kumwagia tindikali penye jeraha. Kule Unguja walichunguzwa tangu miaka ya 1950 kwa sababu huwafukuza kunguni wanaoharibu nazi changa. Kama mti hauko juu ya mlango wako, waache.

Je, wajua kwamba nyuki waliwahi kuingia vitani Tanga? Novemba 1914 meli za Waingereza zilileta askari wapatao 8,000, wengi wao wakitoka India, waje wauchukue mji huo kutoka kwa Wajerumani. Ndani ya mji alikuwapo Paul von Lettow-Vorbeck na watu wapatao 1,000 tu, askari weusi na Wajerumani wachache. Tarehe 4 Waingereza wakasonga mbele kupitia minazi na mashamba. Mitini mlikuwa mmetundikwa mizinga ya wenyeji. Risasi zikaipasua. Kikosi cha 98 cha India kikavamiwa na makundi ya nyuki, watu wakatupa bunduki wakakimbilia walikotoka. Kesho yake jeshi lote likarudi melini, likiacha ufukweni bunduki za rashasha 16 na risasi zipatazo 600,000.

Baadaye Uingereza ukavuma uvumi kwamba Wajerumani waliitega ile mizinga kwa kamba. Hapana. Nyuki waliwachoma Wajerumani pia, hata baadhi ya waliokuwa kwenye rashasha wakaziacha. Nyuki hakuwa upande wa mtu, alitetea mzinga. Vita vile hadi leo Waingereza huviita Vita vya Nyuki, jina linalowapunguzia aibu kidogo, maana von Lettow naye alikuwa na mkono wake mle.

Je, wajua kwamba nyuki akichoma huacha harufu ya ndizi mbivu? Ndani ya harufu hiyo mna kemikali ile ile inayozipa ndizi harufu yake, na kwa nyuki maana yake ni moja: "Adui yuko hapa, njooni." Kwa hiyo mchomo wa kwanza huita wa pili, wa pili huita wa kumi. Ukiinusa karibu na mzinga, usiulize nani anamenya ndizi.

Moshi wa warina asali unafanya kazi hapo hapo. Unaifunika ile harufu isisambae, na unawafanya nyuki wadhani msitu unaungua, wakimbilie kujaza asali matumboni tayari kwa kuhama. Nyuki aliyeshiba hana hamu ya ugomvi.

Je, wajua kwamba hata ndovu anamkimbia nyuki? Mwaka 2007 watafiti walitoa ripoti kutoka Samburu, Kenya: waliwapigia ndovu sauti ya nyuki kwa spika, na familia nyingi zikaondoka mbio. Tangu hapo wakulima wa Sagalla, jirani na Tsavo, wameizungushia mizinga mashamba yao kama ua. Ngozi ya ndovu ni nene, lakini macho na ndani ya mkonga ni laini kama ya kwetu.

Je, wajua kwamba kundi la nyuki lililojibandika tawini kama kikapu, bila sega, kwa kawaida halina vita? Wako safarini. Hawana watoto wala akiba ya kulinda, matumbo yao yamejaa asali ya njiani, na wanasubiri wapelelezi warudi na habari za nyumba mpya. Wengi huondoka baada ya saa chache au siku mbili tatu. Waondoe watoto karibu, wazuie wenye mawe na manati, kisha subiri. Mara tisa katika kumi "kuwaondoa nyuki" kungekuwa kuketi barazani tu, lakini nani anaweza kuketi?

Je, wajua kwamba wanaoumia zaidi nyuki wakichafuka ni waliofungwa kamba? Mtu atakimbia. Mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, mbwa wa mnyororo na kuku wa bandani hubaki pale pale, na nyuki hupenda sana kushambulia vitu vyeusi na vyenye manyoya. Kabla mtu hajagusa kiota chochote, fungua mifugo uipeleke mbali, waambie majirani wa pande zote, funga madirisha. Hii ni kazi ya robo saa, na ndiyo inayosahaulika kila siku.

Kwa sababu hiyo hiyo mavazi yawe meupe au ya rangi hafifu. Mikono mirefu, suruali imechomekwa ndani ya soksi, kofia ya pama, na juu yake chandarua kilichoshikwa na ukingo wa kofia kisiguse uso. Kikigusa pua, pua itachomwa kupitia tundu la chandarua.

Je, wajua kwamba nyuki haoni wekundu? Kwake nyekundu ni giza. Ndiyo maana anayefanya kazi usiku hufunga tochi kwa karatasi nyekundu. Usiku nyuki wote wako nyumbani na hawaruki ovyo, ila hutambaa, na hufuata mwanga. Tochi nyeupe kichwani mwako ni mwaliko.

Niliwahi kumsindikiza mrina asali mmoja wa Handeni kwenda kutoa nyuki kwenye dari ya nyumba ya jamaa yangu. Ilikuwa saa tatu kasoro usiku. Bomba lake la moshi alilijaza kinyesi kikavu cha ng'ombe na maganda ya mahindi, akalipuliza tunduni taratibu, akangoja, akapuliza tena. Nilitaka kuuliza kitu, akanikata: "Mwanangu, zima simu. Ikilia hapa tutaonana barabarani." Alipokata singibodi kwa msumeno mdogo, masega saba yalikuwa yamening'inia sambamba kama vitabu rafuni. Yenye watoto aliyafunga kwa katani kwenye vijiti vya mzinga aliokuja nao, moja moja, akiyageuza polepole kumtafuta malkia. Yenye asali yakaenda kwenye ndoo yenye mfuniko. Mzinga akauacha usiku kucha mdomo wake ukiwa karibu na tundu. Alfajiri waliobaki walikuwa wameingia wenyewe, akauziba kwa gunia, akaubeba kwenye bodaboda. Dereva hakuambiwa kilichomo hadi walipofika.

Kazi hiyo si ya kuigiza kwa kuwa umeisoma hapa. Nyuki wa asali waliokwisha kujenga masega ni wa mtu mwenye mavazi, moshi na uzoefu. Tanzania ni ya pili Afrika kwa kuzalisha asali, nyuma ya Ethiopia, kwa hiyo warina tunao. Halmashauri nyingi zina afisa nyuki. Pakiwa na hatari ya haraka, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa 114.

Je, wajua kwamba kuwapulizia nyuki dawa ndani ya ukuta ni kununua tatizo la pili? Wao ndio waliokuwa wakilitunza lile sega lisiyeyuke kwa joto. Wakifa, nta inalainika, asali inavuja hadi sebuleni, maiti zinaoza, kisha wanakuja sisimizi, mende na panya. Nyuki wa jirani nao huja kuiba asali yenye sumu na kuipeleka kwao.

Kwa nyigu mambo ni mepesi, mradi kiota kiwe kidogo na ukifikie ukiwa umesimama chini. Changanya vijiko vichache vya sabuni ya kuoshea vyombo katika lita moja ya maji, tia kwenye chupa ya kupulizia. Nenda kukiwa na giza, nyigu wote wametulia juu ya kiota, kilowanishe chote kwa mkupuo. Wadudu hupumulia vitundu vya ubavuni, na maji ya sabuni hupenya humo yakawaziba pumzi. Asubuhi angusha kiota kwa ufagio, kiponde. Kikishafika upana wa sahani, au kama kukifikia kunataka ngazi, acha. Mtu aliye juu ya ngazi akichomwa huruka, na chini hakuna maji.

Tena kama kiko mwisho wa shamba, mbali na njia, kiache kabisa. Nyigu hulisha watoto wake viwavi, na viwavi hao wanatoka kwenye mboga zako.

Mjomba wangu hakuwa na muda wa sabuni. Alimwagia petroli kiota kilichokuwa chini ya makuti ya jiko, akawasha. Nyigu waliokufa hawakufika ishirini. Jiko liliungua lote, na mwaka uliofuata nyigu walirudi wakajenga kwenye jiko jipya, nguzo ile ile ya kushoto.

Je, wajua kwamba nyuki wakikukimbiza hupaswi kuruka mtoni? Watakungoja juu ya maji, nawe lazima utoe kichwa upumue. Vuta shati lifunike uso, kimbia moja kwa moja, usizunguke kichakani, usipunge mikono, ingia ndani ya nyumba au gari, funga. Watakaoingia nawe ni wachache kuliko walio nje. Nyuki wa kwetu anaweza kufukuza mamia ya mita, kwa hiyo usisimame njiani kuhesabu vipele.

Je, wajua kwamba mwiba wa nyuki huendelea kufanya kazi mwenyewe akiwa ameshakwenda zake kufa? Una vichokoo, hunasa kwenye ngozi, unabaki na mfuko wake wa sumu unaoendelea kusukuma. Karibu sumu yote huingia ndani ya sekunde 20. Zamani tuliambiwa tusiubane kwa vidole, tuukwangue kwa kisu. Mwaka 1996 watafiti walichapisha matokeo ya kulinganisha njia zote mbili: kubana au kukwangua ni mamoja, kinachodhuru ni kuchelewa. Kwa hiyo anayekwenda chumbani kutafuta kisu ameshachelewa. Tumia kucha. Nyigu yeye mwiba wake ni laini, hauachi, anachoma mara tatu na bado ana wa nne.

Siki kwa nyigu, magadi kwa nyuki? Sumu iko chini ya ngozi, wewe unapaka juu. Osha kwa maji na sabuni, weka barafu, meza dawa ya mzio ukiwa nayo.

Je, wajua kwamba Januari 28, 1962, huko Kamativi, Zimbabwe ya leo, mtu aitwaye Johannes Relleke alichomwa na nyuki akatolewa miiba 2,443 na akapona? Hiyo ni rekodi ya dunia, si kipimo chako. Wataalamu hukadiria kwamba michomo ipatayo 1,000 yatosha kumuua mtu mzima mwenye afya, na kwa mtoto ni michache zaidi.

Na kwa mwenye mzio mmoja unatosha. Midomo ikivimba, sauti ikikauka, pumzi ikibana, vipele vikitokea mbali na palipochomwa, kichwa kikiwa chepesi: huyo ni wa hospitali dakika hiyo hiyo, apate sindano ya adrenalini. Aliyechomwa mdomoni au kooni naye vivyo hivyo, hata asipokuwa na mzio, maana uvimbe huziba njia ya hewa. Ndiyo sababu soda iliyoachwa wazi barazani uitazame kwanza kabla hujaipeleka mdomoni. Nyigu anapenda sukari kama wewe.

Je, wajua kwamba mchaichai una harufu inayokaribiana na ile wanayotoa nyuki kuitana nyumbani? Wafugaji huusugua ndani ya mzinga mtupu, pamoja na nta, ili kundi lipite liingie. Dari yako iliyotolewa nyuki juzi inanukia hivyo hivyo, na itanukia miaka. Kwangua nta yote, osha kwa maji ya moto na sabuni, paka rangi, kisha ziba tundu kwa saruji wiki hiyo hiyo. Upana wa penseli unawatosha kupita.